Mshika Kamba Hashuki

Kabla hajaitwa Mfuniko aliitwa Bibi Kamba, na jina hilo la kwanza alilipenda kweli. Mafundi wa mtaani walimpa kwa sababu kila walipomwona alikuwa na kamba ya katani begani, ameizungusha vizuri isijisokote, na mbele yake anatembea mume wake na kapu la nyundo na misumari. Mume naye alikuwa na lake. Walimwita Fuko, yule mnyama wa kuchimba chini, kwa kuwa riziki yake yote ilikuwa chini ya ardhi. Alijenga matangi ya maji ya kuzikwa, yale ambayo yakishakamilika mwenye nyumba anayafukia, anapanda maua juu yake, na baada ya mwaka mmoja wageni wanakaa hapo na viti wakinywa chai bila kujua kwamba chini ya miguu yao kuna chumba kizima cha zege.

Kazi yenyewe si ya mzaha. Unachimba shimo mpaka kichwa kinazama, kisha mpaka ukiinua mkono vidole navyo vinazama. Unasuka nondo, unamwaga sakafu, unasimamisha kuta. Halafu linakuja paa la tangi, na zege bichi haliwezi kujishikilia lenyewe hewani, kwa hiyo unalitandikia mbao, na mbao unazitegemeza na mirunda, ile miti ya kusimama wima, imejaa humo ndani imebanana. Pembeni unaacha tundu moja la mraba, upana wake mtu asiye na kitambi anapita. Zege likishakomaa, mtu anateremka kwa tundu hilo kwenda kugonga mirunda na kung'oa mbao, anazipitisha juu moja moja. Mafundi wanaita kuvua mbao. Kwa masikio ya mtu wa nje ni jina jepesi, na mimi nasema waliolipa jina hilo hawakuwahi kushuka.

Fuko hakuwa na kitambi, na alijisifia. "Mke wangu ananipimia chakula," aliwaambia wateja, "nisije nikakwama mlangoni mwa ofisi." Mkewe alimjibu hapohapo, mbele ya watu, "Nikikunenepesha wewe, mimi nitakula wapi?" Watu wakacheka, na kazi ikaenda.

Walikutana huko huko kwenye majengo. Yeye alikuwa msichana wa kubeba maji ya saruji, ndoo kichwani kutwa nzima, shingo imekakamaa, ulimi haujakakamaa hata kidogo. Fuko wakati huo alikuwa na kibarua wa kumshikia kamba, jitu refu lenye nguvu, tatizo lake usingizi. Siku moja Fuko alivuta kamba kutoka chini akaona inakuja tu, yote, mpaka ncha. Alipanda juu kwa hasira, akamkuta yule bwana amelala kwenye mchanga na mdomo wazi. Akamfukuza papo hapo, akageuka, akamwona msichana wa ndoo akicheka.

"Wewe unayecheka," akasema, "njoo ushike. Wewe na huo mdomo hutalala."

Akashika. Kisha akashika tena kesho yake. Kufika mwaka wa pili walikuwa wameoana, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika kamba ya Fuko tena.

Ila siku ile ya kwanza, kabla hajashuka, Fuko alimkalisha juu ya mfuko wa saruji akamweleza jambo. Fundi aliyemfunza kazi alikuwa mtu hodari. Alishuka kuvua mbao asubuhi moja akaanguka bila kelele. Msaidizi wake akaruka kumfuata, akaanguka juu yake. Wa tatu, mtoto wa fundi, akaruka kuwafuata wote wawili. Fuko alikuwa ametumwa misumari dukani. Aliporudi alichungulia kwenye tundu akawaona watatu wamelaliana, na kilichomwokoa si akili, alisema, ni woga. Miguu ilikataa. Baadaye alikuja kuambiwa na wanaojua: mbao zikikaa zimelowa mahali palipofungwa, zinavunda, na kule kuvunda kunakula hewa. Haina harufu ya kukutisha. Unavuta pumzi mara mbili tatu, na hujui kwamba unavuta kitu kitupu.

"Kwa hiyo sheria ni moja," akamwambia. "Mshika kamba hashuki. Nikinyamaza, vuta. Ukishindwa kuvuta, piga kelele watu waje. Lakini hushuki wewe, na humwachi mtu mwingine ashuke. Tangi likishakula mmoja linataka wa pili."

"Hata ukiwa ni wewe?"

"Hasa nikiwa ni mimi. Sema."

Akasema. Fuko akamrudisha aseme tena, kwa sauti, mpaka wachanganya zege wakageuka kutazama. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja alikuwa anamsemesha kabla ya kushuka, yeye anajibu huku anafunga fundo kifuani kwa mumewe, wakati mwingine kwa kumkejeli, wakati mwingine kwa kuchoka, maana jambo la kila siku linachosha hata likiwa la uhai. Mdogo wa Fuko alipokuja kujiunga nao, kijana mwembamba mwenye viganja vipana ambaye kwa viganja hivyo waliishia kumwita Chepe, kama lile beleshi la kuchotea mchanga, naye alisemeshwa. Chepe alikuwa akisema haraka haraka kama mtoto anayetaka kuruhusiwa akacheze.

Mama yao wawili hao alikuwa mjane wa siku nyingi. Hakuwa na mtoto mwingine. Alipika kwa zamu, leo nyumba hii kesho ile, na alimpenda mkwewe kwa namna yake ya kumgombeza. "Unamvuta mume kwa kamba kama mbuzi," alimwambia. "Mimi wa kwangu nilimvuta kwa mchuzi."

Basi ikaja kazi ya yule mwenye nyumba aliyetaka tangi kubwa. Si ubaya kutaka tangi kubwa. Maji ya bomba mtaani kwake yalikuwa yanakuja kwa zamu, yakikatika yamekatika. Akataka lichimbwe chini zaidi ya kawaida, karibu urefu wa mtu kuongeza. Walichimba, wakasuka, wakamwaga. Siku ya kumwaga paa mvua ilianza, na haikukoma. Mwenye nyumba akasafiri. Wakafunika tundu kwa nailoni maji yasiingie, wakaweka matofali juu ya nailoni isipeperuke, wakaenda kutafuta vibarua vingine. Mvua ilinyesha wiki kwa wiki, na huko chini, gizani, mbao na mirunda vililowa na kukaa na unyevu wake.

Mwenye nyumba aliporudi alikuwa na habari. Kesho yake bomba la mtaa lingefunguliwa, na likishafungwa haijulikani litafunguliwa lini tena. "Mafundi wangu," akasema, "nisaidieni tangi likinge hata robo." Alisema kwa upole tu. Fuko alikuwa mtu wa kuona haya kumnyima mtu maji.

Kulikuwa na desturi yao. Nailoni ikitolewa, tundu lilikaa wazi siku nzima. Siku hiyo lilikaa wazi tangu asubuhi mpaka jua lilipopanda kidogo. Kisha inashushwa koroboi inayowaka, imefungwa uzi. Ikizimika, hakuna kushuka. Ikiendelea kuwaka, twende. Kazi ya koroboi ilikuwa ya Chepe. Akaiwasha, akaiteremsha, akafunga ncha ya uzi kwenye nondo iliyochomoza, akachungulia. Inawaka. Akainua kidole gumba. Uzi ulikuwa uleule wa matangi yote ya zamani. Hili lilikuwa na kina kingine, na taa ilisimama juu juu, karibu na tundu ambako upepo ulikuwa unaingia. Chini yake kulikuwa na giza lenye kimo cha mtu. Hakuna aliyelifikiria hilo, si Chepe, si Fuko, wala mwenye kamba.

"Sema," Fuko akasema, miguu tayari imo ndani.

"Mshika kamba hashuki, baba. Nenda, utachelewesha chakula."

Akashuka. Alikuwa na mtindo wa kuvuta kamba kidogo kila baada ya muda, kumwambia mkewe kwamba yupo. Alivuta. Akasikika akigonga mrunda wa kwanza, ukaanguka. Kisha sauti yake ikaja, ya kawaida kabisa, yenye kero kidogo:

"Kamba inanikamata kwenye hii miti. Naifungua nipite."

"Usifungue!"

"Mara moja tu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho hapa duniani, na mtu akiniuliza nitasema ni maneno yaliyoua mafundi wengi. Alikuwa amebanwa na mirunda, kamba inazunguka huku na huku, na mtu anayejua kazi ndiye anayejiruhusu. Mkewe alivuta. Kamba ikaja nyepesi. Akaita. Akaita tena kwa jina lake halisi, lile la nyumbani ambalo mafundi hawakulijua. Akalala kifudifudi akachungulia, na akaiona taa bado inawaka vizuri, na chini ya mwanga wake, kwa shida, akaona unyayo mmoja wa mumewe umegeukia juu.

Chepe alikuwa amekwisha vua shati. Mguu mmoja ulikuwa umeingia.

Mimi sijui ni nini kilimpa yule mwanamke nguvu. Alimsukuma shemeji yake akaangukia kwenye rundo la kokoto, na yeye akakaa. Alikaa juu ya tundu lile, matako yake yamelijaza, miguu ameikunja, mikono yake miwili imeshika nondo zilizochomoza pembeni. Akapiga kelele, "Watu! Watuu!" kwa sauti ambayo mtaa ule unaikumbuka mpaka leo.

"Shemeji, toka!"

"Sitoki."

"Kaka yangu yuko humo!"

"Mume wangu yuko humo! Sitoki!"

Chepe alimvuta nywele, akampiga makofi, akampiga ngumi. Alimvuta bega mpaka likateguka, na mkono uliobaki haukuachia nondo. Chepe alipoleta mkono usoni, mwanamke akamng'ata, akang'ata mpaka damu. Chepe alikuwa analia, na yeye alikuwa analia, na wote wawili walikuwa wanamwita mtu mmoja. Hivyo ndivyo majirani walivyowakuta: mwanaume anampiga shemeji yake, na mwanamke amekalia tundu ambalo ndani yake mumewe anakufa.

Mafundi wa jengo la pili walikuja wakamshika Chepe watatu. Hapo ndipo mwanamke alipoinuka. Walivunja paa upande mwingine kwa nyundo kubwa ili upepo upite, na zege ambalo Fuko alilimwaga vizuri lilikataa kuvunjika upesi. Wakamfunga mmoja wao kamba, na wakamshusha na kumpandisha, kumshusha na kumpandisha, mpaka akafanikiwa kumfunga Fuko. Walipomlaza kwenye mchanga alikuwa kama mtu aliyepumzika, ila midomo ilikuwa ya buluu.

Hospitalini daktari alisema huenda alikata roho katika pumzi zake za mwanzo kabisa, kabla hata mkewe hajaita. Huenda. Neno hilo moja lilimtosha mtu kujitesa nalo maisha yake yote, maana kama ni huenda, basi huenda pia hapana. Na kama hapana, basi hewa kidogo iliyokuwa inashuka kwa tundu lile, yeye aliiziba kwa mwili wake. Alipokuwa akikanda unga, alipokuwa akimfunga binti waliyemzaa vifungo vya sare ya shule, swali hilo lilikuwa likimjia: nilimfunika?

Wengine hawakuuliza. Waliamua. Msibani kabla maji ya kuosha maiti hayajakauka, maneno yalikuwa yamekwisha zunguka. Wapo waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe, wakidhani wanasema hekima. Wapo waliosema kikulacho ki nguoni mwako. Wazee wa ukoo walimwita, bega limefungwa kitambaa, uso umevimba, wakamkalisha.

"Tumesikia ulimzuia huyu asimwokoe kaka yake," alianza mmoja.

"Ni sheria ya kazi, baba. Yeye mwenyewe marehemu alituapisha. Muulizeni shemeji."

Wote wakamgeukia Chepe. Kijana aliinamisha kichwa, anatazama bandeji ya mkono wake. Mama yake alikuwa amekaa nyuma yake, amemshika bega kwa nguvu, vidole vimezama, kama mtu anayehofia huyu naye ataponyoka.

"Sikumbuki," alisema Chepe. "Ningeruka haraka ningemtoa."

"Damu nzito kuliko maji," akasema yule mzee, na kikao kikawa kimekwisha.

Hapo mwanamke angeweza kufungua mdomo. Ulimi wake, tunaujua, haukuwa wa kukopa. Alikuwa ameiona taa inawaka juu juu na uzi umeisha. Alijua ni mkono wa nani uliofunga uzi ule. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akamtazama mama mkwe, jinsi alivyokuwa ameling'ang'ania lile bega, na akaona kwamba akilisema, mama huyu atakuwa hana mtoto hata mmoja, mmoja yuko kaburini na mwingine ndiye aliyempeleka. Akalimeza. Asidhani mtu kwamba alilimeza kwa utakatifu. Alimchukia Chepe chuki ya kweli, chuki ya kumfanya ateme mate akimwona kwa mbali. Alilimeza tu, na likamkaa kooni.

Tangu hapo akawa Mfuniko. Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa mlevi mmoja, kwa utani, na utani ukashika. Alipopita watu walinong'ona, "Huyo, Mfuniko." Wateja hawakumtaka karibu na tangi. Mama mkwe aliacha kupika kwa zamu, akaacha kukanyaga mlango wake, na mjukuu akitaka kumwona bibi alilazimika kwenda mwenyewe. Siku moja mtoto alirudi kutoka huko akasimama mlangoni na begi mgongoni.

"Mama, ni kweli ulimkalia baba?"

Hakumpiga wala hakumkemea. Alimvua begi, akamwambia akanawe mikono, kisha akampakulia chakula.

Alipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kufyatua matofali ya saruji. Kazi yake ilikuwa kumwagilia matofali asubuhi na jioni yasije yakakauka kwa pupa na kupasuka. Bega halikurudi sawasawa, kwa hiyo ndoo alibeba upande mmoja. Hakuna aliyezungumza naye sana hapo, na aliona afadhali. Ukitaka kujua tangi lile liliishia wapi, fundi mwingine aliliziba paa, na mwenye nyumba aliyataka maji yale kwa kuoshea gari tu. Kunywa, alisema, moyo wake ulikataa.

Na Chepe? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alichukua nyundo na kapu la kaka yake akaendelea na matangi, kwa kuwa hakujua kazi nyingine. Mama yake alilia, akamkataza, akamtishia laana, na mwisho akanyamaza maana hata yeye alikuwa anakula kwa mikono hiyo. Kila siku ya kuvua mbao, walisema majirani, yule mama alikuwa hali kitu mpaka mwanawe arudi.

Hivyo miaka miwili ikaenda. Kisha asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linagusa mabati, yule mwanamke alikuwa anafagia uani, mtoto bado hajaamka. Akasikia hatua. Akainua kichwa akamwona mama mkwe amesimama getini, amekonda, kitambaa cha kichwa kimewekwa upande.

"Shikamoo, mama," alisema kwa mazoea, ufagio mkononi.

Mama hakuitikia. Aliingia mpaka katikati ya uwanja. "Leo anavua mbao," alisema. "Tangi la kule zahanati. Limekaa limefungwa mvua zote hizi."

Mwanamke aliacha kufagia.

"Nilimpelekea chakula jana wakati wanang'oa mbao za nje. Nimemwona huyo kijana atakayemshikia kamba. Kamba ameifunga kwenye mpini wa toroli, yeye anachezea simu. Na wale wengine wawili nimewasikia wanajigamba, mmoja akizirai tunaruka wote tunamtoa. Nenda ukamshikie."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

"Mama, mimi ni Mfuniko."

Mama mkwe alifumba macho kidogo kama aliyepigwa na vumbi. "Nenda ukamshikie kamba," alirudia.

Mwanamke aliegemeza ufagio ukutani. Akakunja mikono kifuani. "Sikiliza, mama. Nikienda, naenda na sheria ileile. Nitamfunga mwenyewe, na hafungui. Nitashusha taa mpaka iguse sakafu. Lakini akianguka humo na kamba ikanishinda, sishuki. Na hao wengine hawashuki. Nitakaa pale, kama nilivyokaa. Mwanao wa mwisho atakuwa humo na mimi nitakaa. Unanielewa?"

"Ninaelewa."

"Halafu usije ukaniambia..."

"Nimesema ninaelewa. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Wakatazamana. Ni mara ya kwanza walikuwa wanatazamana machoni tangu msibani, na yule mwanamke akaona kwamba mama huyu alikuwa anajua, huenda alijua tangu siku ileile alipomshika Chepe bega mbele ya wazee. Kwamba bega lile lilikuwepo la kushikwa kwa sababu kuna mtu alikaa. Kitu alichokuwa amekizuia miaka miwili kikatoka chenyewe.

"Basi niambie, mama. Siku ile nilikosea?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ya yule msichana wa ndoo kabla hajajua lolote. Kama angejibiwa hapana, neno moja, hata kwa kunong'ona, angemsamehe kila mtu. Angemsamehe mlevi aliyempa jina. Angemsamehe hata Chepe.

Midomo ya mama mkwe ilicheza. Alitazama chini, akatazama mlango ambao mjukuu alikuwa amelala nyuma yake, akarudi kumtazama mkwewe.

"Ulimwacha mwanangu akafa," alisema.

Kisha akachukua ufagio ukutani, akaanza kufagia pale palipobaki. "Nenda. Utamkuta ameshaingia. Mtoto nitamwandalia mimi."

Yule mwanamke aliingia ndani, akabadili viatu, akafunga kitambaa kichwani, akatoka. Alipita karibu na mama mkwe bila kusema kitu, akafungua geti, akashika njia ya zahanati, mwanzo kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, bega lake moja limelala. Nyuma yake alimsikia yule mama akiangua kilio, na hakujua anamlilia mtoto yupi.